Kusoma Nasaba ya Mbweha kwa Vinasaba: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Kanda ya Kati

Anayesafiri usiku kutoka Dodoma kwenda Kondoa anaweza kumulika kwa taa za gari mnyama mdogo wa kijivu, mwenye masikio makubwa kupita kiasi na uso mweusi, anayenusa ardhi kandokando ya lami akitafuta mchwa. Kilomita chache mbele atamulika mwingine, mrefu wa miguu, mwenye mgongo mweusi uliochanganyika na mvi, akivuka barabara kwa haraka. Wote wawili kwa Kiswahili ni mbweha, au bweha kama wengine wanavyosema: wa kwanza mbweha masikio, wa pili mbweha mgongo mweusi. Ukiongeza mbweha miraba, unapata mbweha watatu wa kanda hii wanaoshiriki jina moja, na mtu ana haki ya kudhani kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Vinasaba, yaani DNA, vinakataa. Mbweha mgongo mweusi na mbweha miraba wamo katika tawi la mbwa, mbwa mwitu na mbwa wa nyumbani. Mbweha masikio, ambaye kwa jina la kisayansi ni Otocyon megalotis, yuko karibu zaidi na jenasi Vulpes, yaani mbweha wekundu wa Ulaya na Asia na jamaa zao wa jangwani, kuliko alivyo karibu na hao anaokutana nao kila usiku katika nyika ya Chemba. Matawi hayo mawili yaliachana takribani miaka milioni 10 iliyopita. Tanzania haina hata spishi moja ya Vulpes, kwa hiyo mbweha masikio ndiye mwakilishi pekee wa tawi hilo katika nchi nzima.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufikia hitimisho la namna hiyo kwa mikono yako mwenyewe, kuanzia kinyesi kilichookotwa porini hadi mti wa nasaba uliochorwa kwenye kompyuta. Nimewalenga wanafunzi wa vyuo, maofisa wanyamapori na walimu wa baiolojia ambao wamewahi kushika pipeti walau mara moja.

Hatua ya kwanza: swali kabla ya glavu

Wengi huanza kwa kukusanya sampuli na kutafuta swali baadaye. Huo ni upotevu wa mafuta ya gari. Swali ndilo linaloamua ni wanyama wangapi, kutoka wapi, na sehemu gani ya vinasaba isomwe. Ukitaka kujua mbweha masikio ni ndugu wa nani katika famili nzima ya Canidae, yaani ya mbwa na jamaa zake, mnyama mmoja au wawili kutoka kila spishi wanaweza kutosha, lakini utahitaji kusoma jeni nyingi. Ukitaka kujua kama mbweha wa Manyoni wanatofautiana na wa Mkungunero, mambo yanageuka: unahitaji wanyama wengi kutoka kila eneo, na jeni zinazobadilika kwa haraka.

Kanda ya kati ina swali lake la asili ambalo ningemshauri mtu yeyote alichukue. Mbweha masikio wapo katika makundi mawili yaliyotengana: moja la Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, na jingine la kusini mwa Afrika. Kati yao kuna pengo la takribani kilomita 1,000 ambamo hawapo kabisa. Mbweha mgongo mweusi naye amegawanyika vivyo hivyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vinasaba vya mitokondria, yaani vile vijumba vya nishati ndani ya seli, vya kundi la mashariki na vya kundi la kusini vimetengana kwa zaidi ya miaka milioni 2. Dodoma na Singida ziko upande wa kusini wa kundi la mashariki. Sampuli ya huku, ikiwa na mahali na tarehe vilivyoandikwa sawasawa, ina thamani kuliko sampuli 10 kutoka mahali ambapo kila mtafiti hupita.

Hatua ya pili: jifunze kwa mifuatano ya wengine

Kabla ya kuomba hata kibali kimoja, kaa mbele ya kompyuta ufanye kazi yote ya mwisho kwa data zilizokwisha kuchapishwa. GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya vinasaba, iko wazi bila malipo. Pakua mfuatano kamili wa mitokondria ya mbwa, wenye namba NC_002008 na urefu wa herufi 16,727 (herufi za DNA ni A, C, G na T), kisha tafuta jeni ya saitokromu b ya mbweha masikio, mbweha mwekundu, mbweha mgongo mweusi, mbweha miraba, mbwa mwitu na dubu wa kahawia. Tengeneza mti kama nitakavyoeleza hapa chini. Ukipata mti ambao dubu yuko katikati ya mbwa, umekosea mahali fulani, na ni afadhali kukosea sebuleni kuliko kukosea baada ya kutumia fedha za mradi.

Zoezi hili lina faida nyingine. Litakuonyesha ni mifuatano gani haipo kwenye hifadhi, na kwa hiyo ni wapi mchango wako unahitajika.

Hatua ya tatu: vibali

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu masharti hubadilika na unapaswa kuyauliza mwenyewe kwa wahusika. Utafiti nchini huombewa kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na utafiti wa wanyamapori huratibiwa na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori yenye makao yake Arusha. Ukiingia hifadhi ya taifa kama Ruaha unashughulika na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukiingia mapori ya akiba kama Swagaswaga au Mkungunero unashughulika na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Ukikusanya katika ardhi ya kijiji, nenda kwa ofisa mtendaji wa kijiji na barua yako mkononi, hata kama unaokota kinyesi tu, maana mgeni anayezungukazunguka vichakani na mifuko ya plastiki huzua maswali. Ikiwa sampuli au vinasaba vyenyewe vitavuka mpaka, anza mapema kushughulikia mkataba wa uhamishaji wa sampuli na vibali vya kusafirisha, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu inayochelewesha miradi kuliko nyingine zote.

Hatua ya nne: sampuli

Vinasaba vinaweza kupatikana katika damu, nyama, nywele zenye mizizi, mifupa, ngozi ya zamani na kinyesi. Kumkamata mbweha ili umtoe damu ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa za usingizi na kibali chake, na kwa swali la nasaba mara nyingi haihitajiki. Kilichopo kwa wingi katika kanda hii ni vitu viwili: kinyesi, na wanyama waliogongwa na magari katika barabara kuu za kwenda Singida na Kondoa.

Kabla ya kugusa chochote, chanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mbweha wote wanaweza kubeba virusi hivyo, na mnyama aliyegongwa barabarani mchana huenda aligongwa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Vaa glavu mbili, usiguse mate wala ubongo, na kata kipande kidogo cha ncha ya sikio, kisichozidi punje ya mahindi. Ikitokea umekwaruzwa au umeumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo. Kinyesi nacho kina hatari yake, nayo ni mayai ya minyoo tegu wa aina ya Echinococcus, ambayo hayafi kwa ethanoli. Ukiweza, gandisha sampuli za kinyesi katika nyuzi 80 chini ya sifuri kwa wiki moja kabla ya kuzifungua maabara.

Wakati mzuri wa kuokota kinyesi ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa hazipo, na saa nzuri ni alfajiri. Jua la Dodoma ni adui wa vinasaba: mionzi yake huvunja nyuzi za DNA, na kinyesi kilichokaa juani siku mbili huwa kimebaki na vipande vifupi tu. Maji ni adui mkubwa zaidi, kwa kuwa yanawapa bakteria nafasi ya kula kilichobaki. Chukua sehemu ya nje ya kinyesi, kwa maana ndiko ziliko seli za utumbo wa mnyama mwenyewe. Sehemu ya ndani ina zaidi mabaki ya alichokula. Kinyesi cha mbweha masikio hujaa magamba ya mchwa na mbawakawa yanayong'aa kidogo ukikivunja kwa kijiti, ilhali cha mbweha mgongo mweusi huwa na nywele, vipande vya mifupa na mbegu. Dalili hizo zinasaidia kukisia, ila usiandike jina la spishi kwenye daftari kama jambo lililothibitishwa. Andika "inadhaniwa".

Hifadhi kila kipande katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, sehemu moja ya sampuli kwa sehemu nne za ethanoli, au katika kichupa chenye punje kavu za silika. Spiriti ya dukani imechanganywa na vitu vingine na maji, kwa hiyo haifai. Fomalini ndiyo mbaya kabisa, kwani hufunga vinasaba na protini pamoja kiasi kwamba kuvitoa huwa taabu. Mimi hupendelea silika kwa kazi za vijijini, kwa sababu haimwagiki kwenye pikipiki na haihitaji friza, na umeme ukikatika siku tatu hakuna kinachoharibika.

Sasa lebo. Katika safari yangu ya kwanza niliandika namba za vichupa 31 kwa kalamu ya wino mnene, nje ya vichupa, nikavipanga vizuri katika boksi moja. Kimoja kilivuja njiani. Nilipofungua boksi jioni, ethanoli ilikuwa imeosha wino wote, na nilikuwa na vichupa 31 visivyo na jina, vinavyofanana kama mapacha. Tangu siku hiyo ninaandika kwa penseli ya risasi kwenye kipande cha karatasi ngumu, ninakitumbukiza ndani ya kichupa pamoja na sampuli, kisha ninarudia namba hiyohiyo kwenye kifuniko na kwenye daftari. Daftarini andika tarehe, vipimo vya GPS, aina ya uoto, umbali kutoka kijiji cha karibu, na jina ambalo mwenyeji aliyekuongoza analitumia kwa mnyama huyo, liwe la Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Majina hayo mara nyingi hutenganisha wanyama ambao Kiswahili kimewaweka kapu moja.

Jambo la mwisho kuhusu sampuli: wanyama wanaotoka shimo moja mara nyingi ni wazazi na watoto. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo sampuli sita za shimo moja zinaweza kuwa mfuatano mmoja uliorudiwa mara sita. Sogea kilomita kadhaa kati ya sampuli na sampuli.

Hatua ya tano: kutoa vinasaba

Kanuni ni ileile kwa kila aina ya sampuli. Kwanza unavunja seli kwa sabuni maalumu na kimeng'enya kinachoyeyusha protini, proteinezi K, katika joto la nyuzi 56 kwa saa kadhaa au usiku kucha. Kisha unavitenganisha vinasaba na uchafu, ama kwa klorofomu, ama kwa kichujio cha silika ambacho vinasaba hunata juu yake penye chumvi nyingi. Unasafisha kwa ethanoli, na mwisho unavitoa kwa maji safi au bafa yenye chumvi kidogo. Kwa kinyesi tumia vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa kinyesi, kwa sababu asidi za nyongo na mabaki ya mimea huzuia hatua inayofuata.

Katika kila kundi la sampuli weka kichupa kimoja kisicho na sampuli yoyote, ukipitishe katika hatua zote kama vile kina kitu. Kichupa hicho kitupu ndicho shahidi wako: kikitoa vinasaba mwishoni, kuna uchafuzi, na matokeo ya siku hiyo yote hayafai. Fanya kazi ya kutoa vinasaba katika chumba tofauti na kile cha PCR, yaani cha kunakili vinasaba kwa mashine, na usirudi kutoka cha pili kwenda cha kwanza ukiwa na koti lilelile.

Hatua ya sita: kuzidisha kwa PCR

Njia hii, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1993, hunakili kipande kimoja cha vinasaba mara nyingi sana. Mashine hupasha hadi nyuzi 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hupoza hadi kati ya 50 na 60 ili praima, yaani vipande vifupi vya kuanzishia, vinate mahali pake, halafu hupandisha hadi 72 ili kimeng'enya cha Taq kijenge uzi mpya. Kila mzunguko huzidisha maradufu; mizunguko 30 ikienda bila hitilafu, kipande kimoja huwa zaidi ya bilioni moja.

Jeni ya kuanzia iwe saitokromu b ya mitokondria, yenye herufi 1,140. Sababu ni mbili: kila seli ina nakala nyingi za mitokondria, hivyo hata kinyesi kikuukuu kina nafasi ya kutoa kitu, na spishi karibu zote za famili hii zimeshasomwa jeni hiyo, hivyo una cha kulinganisha nacho. Kwa nyama, zidisha jeni nzima. Kwa kinyesi usiwe na tamaa. Lenga kipande cha herufi 300 hivi, na ukitaka jeni nzima uiunge kutoka vipande vinavyopishana.

Praima za jumla zinazokubali kila mnyama mwenye uti wa mgongo ni mtego. Kinyesi cha mbweha mgongo mweusi aliyekula mbuzi kitakupa mbuzi, na glavu iliyotoboka itakupa binadamu. Praima zilizobuniwa kwa famili ya mbwa huondoa tatizo hilo, lakini zinaleta jingine ambalo ni la kwetu hasa: karibu na vijiji, sehemu kubwa ya kile unachokiita kwa imani kinyesi cha mbweha ni cha mbwa wa wafugaji. Usikasirike matokeo yakirudi "mbwa". Yahesabu na uyaripoti.

Pitisha matokeo kwenye jeli ya agarosi. Ukiona mstari mmoja ulio wazi wa urefu unaotarajiwa, na kichupa kitupu hakina kitu, endelea.

Hatua ya saba: kusoma herufi na kuzitilia shaka

Kipande kilichosafishwa husomwa kwa njia ya Sanger kutoka pande zote mbili, au kwa kifaa kidogo cha Oxford Nanopore kinachochomekwa kwenye kompyuta ya mkononi, ambacho kimewaondolea watafiti wengi ulazima wa kusafirisha sampuli. Kwa Sanger utapata mchoro wa vilele vya rangi nne. Usikubali herufi ambazo programu imekuandikia kabla hujautazama mchoro kwa macho yako. Mwanzo na mwisho wa kila usomaji huwa ni fujo, kata. Penye vilele viwili mahali pamoja, usichague unachokipenda.

Vilele viwili vinaweza kumaanisha mchanganyiko wa wanyama wawili, au jambo la hila zaidi: katika historia ndefu, vipande vya mitokondria vimehamia ndani ya kiini cha seli na kubaki huko kama mabaki yasiyofanya kazi. Praima zako zinaweza kuzidisha mabaki hayo badala ya jeni halisi. Njia ya kuyagundua ni kutafsiri mfuatano kuwa protini. Saitokromu b haina ruhusa ya kusimama katikati, kwa hiyo ukikuta alama ya kusimama, yaani herufi tatu zinazoamuru ujenzi wa protini ukome, kabla ya mwisho, unacho kipande cha kiini. Kumbuka kuchagua jedwali la tafsiri la mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo, ambamo TGA si alama ya kusimama bali ni triptofani, na AGA na AGG ndizo husimamisha. Nimewahi kumwona mwanafunzi akitupa mifuatano mizuri kwa sababu tu programu ilikuwa kwenye jedwali la kawaida.

Hatua ya nane: kupanga na kuhesabu

Sasa panga mifuatano yako pamoja na ile ya GenBank, safu chini ya safu, ili kila herufi ikae chini ya mwenzake wa asili moja. Programu ya MAFFT inafanya hivyo kwa amri moja:

mafft --auto mbweha_ghafi.fasta > mbweha.fasta

Ili uone kinachofuata kwa ukaribu, chukua mfano huu mdogo nilioutunga kwa ajili ya kujifunzia, wenye herufi 24 kwa kila mnyama:

Mnyama 1: ATG ACC AAC ATT CGA AAA ACC CAT
Mnyama 2: ATG ACT AAC ATC CGA AAG ACC CAC
Mnyama 3: ATG ACT AAC ATC CGA AAG ACT CAC

Hesabu kwa kidole. Wa kwanza na wa pili wanatofautiana mahali 4, sawa na asilimia 16.7. Wa pili na wa tatu wanatofautiana mahali 1 tu, asilimia 4.2. Wa kwanza na wa tatu wanatofautiana mahali 5, asilimia 20.8. Ungesema haraka kwamba wa pili na wa tatu ni ndugu. Tazama pia kwamba kila tofauti imeangukia herufi ya tatu ya kundi la herufi tatu, na hakuna hata moja inayobadilisha protini: ACC na ACT zote mbili ni threonini, AAA na AAG zote ni lisini. Hivyo ndivyo jeni halisi inavyobadilika, na ukiona mabadiliko yametawanyika sawasawa katika nafasi zote tatu, rudi hatua ya saba.

Hesabu hii ya kidole ina kasoro. Herufi moja inaweza kubadilika kutoka C kwenda T na kurudi C, nawe usione chochote. Kadiri spishi zilivyoachana zamani, ndivyo mabadiliko yaliyofichika yanavyozidi, na ndiyo maana tunatumia modeli za takwimu zinazokadiria hata yasiyoonekana. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: wanyama watatu peke yao hawawezi kukuambia mzizi wa mti uko wapi. Unahitaji mgeni ambaye una hakika ni wa nje ya kundi. Kwa famili nzima ya mbwa, dubu anafaa. Kwa swali la mbweha mgongo mweusi wa mashariki na wa kusini, dubu yuko mbali mno. Mbweha masikio mwenyewe anatosha kuwa mgeni.

Hatua ya tisa: mti

Programu ya IQ-TREE huchagua modeli, hutafuta mti na kupima uimara wa kila tawi kwa pamoja:

iqtree2 -s mbweha.fasta -m MFP -B 1000 -o Ursus_arctos

Majina ndani ya faili yasiwe na nafasi. Tumia mstari wa chini. Faili litakalotoka lifungue kwa programu ya FigTree. Namba zilizo kwenye vifundo, yaani mahali matawi yanapoachana, ni matokeo ya kurudia uchambuzi mara 1,000 kwa data zilizochanganywa upya. Kwa njia hii ya haraka ya IQ-TREE tawi linaaminika likifika 95. Ukitumia njia ya zamani katika programu ya MEGA, watafiti wengi hukubali kuanzia 70. Usichanganye vipimo hivyo viwili katika jedwali moja. Tawi lenye 48 halikuambii chochote, hata kama linapendeza na linakubaliana na msimamizi wako.

Hatua ya kumi: kusoma mti bila kudanganyika

Mti uliotokana na mitokondria ni historia ya mitokondria, yaani ya akina mama. Historia ya spishi inaweza kuwa nyingine, na mfano ulio karibu nasi ni mbweha wa dhahabu anayeonekana Serengeti na Ngorongoro. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa spishi moja na mbweha wa dhahabu wa Asia na Ulaya, kwa sababu wanafanana kwa rangi na umbo. Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Klaus-Peter Koepfli ilionyesha, kwa mitokondria na kwa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mnyama, kwamba yule wa Afrika ni spishi yake mwenyewe, iliyo karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu. Leo huitwa Canis lupaster. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliongeza kwamba jenomu yake ni mchanganyiko wa asili mbili, ya mbwa mwitu wa kijivu na ya mbwa mwitu wa Ethiopia. Mitokondria peke yake isingeweza kufichua mchanganyiko huo, kwa sababu kila mnyama anayo ya mama mmoja tu.

Kwa hiyo, ukiwa na tishu nzuri, soma pia jeni za kiini. Jenomu ya mbwa iliyochapishwa mwaka 2005, iliyotokana na jike wa aina ya boxer aitwaye Tasha, ina herufi takribani bilioni 2.4 na inakupa ramani ya kupangia chochote utakachosoma kwa mbweha. Kumbuka tu kwamba ramani ya mbwa ina kromosomu 78, mbweha masikio ana 72, na mbweha mwekundu ana 34 pamoja na vijikromosomu vya ziada, hivyo mpangilio wa jeni haufanani kila mahali.

Mtego wa pili ni umbo. Amerika ya Kusini ina wanyama wa jenasi Lycalopex ambao ukiwaona utaapa ni mbweha wa kweli, lakini vinasaba vinawaweka karibu zaidi na tawi la mbwa kuliko Vulpes. Mmoja wao, aliyekusanywa na Charles Darwin katika kisiwa cha Chiloé mwaka 1834, alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa aina ya kisiwani tu ya mbweha wa bara, hadi mitokondria iliposomwa miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba ni spishi inayojitegemea. Unapokuta mti wako unapingana na macho yako, rudia maabara kwanza, kwa sampuli mpya kutoka kichupa cha awali; ukipata jibu lilelile, amini mti.

Mtego wa tatu ni matawi yaliyoota haraka. Spishi zikiachana kwa kufuatana katika muda mfupi, jeni tofauti zitatoa miti tofauti, na hakuna iliyokosea. Onyesha miti yote.

Hatua ya kumi na moja: umri

Ukitaka kuweka miaka kwenye vifundo, utahitaji programu kama BEAST na angalau kifundo kimoja au viwili vyenye umri unaotokana na masalia ya kale. Olduvai ilitoa mabaki ya jamaa wa kale wa mbweha masikio aliyepewa jina la recki. Masalia huweka kikomo cha chini tu: yanasema tawi lilikuwepo tayari wakati huo, hayasemi lilianza lini. Toa umri kama kipindi, kutoka hapa hadi pale, na ukiona kipindi ni kipana mno kiasi cha kukuaibisha, kiache hivyohivyo kilivyo.

Hatua ya kumi na mbili: kuhifadhi na kurudisha

Weka mifuatano yako GenBank kabla ya kuchapisha, ukiandika wilaya, tarehe na namba ya kichupa, na uhifadhi tishu iliyobaki mahali ambapo mwingine ataweza kuiomba. Vipimo kamili vya mashimo ya mbweha usiviweke hadharani. Andika kijiji au kata, kwa maana wapo wanaowatega na wapo wanaowawekea sumu kwa ajili ya mbuzi. Nakala ya ripoti ipeleke TAWIRI kama kibali kinavyotaka, na nyingine fupi, ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa ofisa mtendaji uliyempelekea barua mwanzoni, ikiwa na jina la mnyama kama wazee wa kijiji walivyokutajia na namba za sampuli zilizotoka kwenye ardhi yao.